Ukienda kuona maonyesho ya mbunifu wa mavazi: mwongozo wa mtu anayependa mshono

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hawakuwahi kusimama kwenye ukumbi wenye magauni mia moja na mwanga hafifu kama wa taa ya kando ya kitanda. Humo hata mwenye macho mazuri anahitaji kuelekezwa. Asipoelekezwa atapita, atapiga picha sitini, atatoka, na jioni ukimuuliza ameona nini atakwambia, "Nguo nzuri sana."

Lengo la mwongozo huu ni dogo. Ukitoka mlangoni uwe unazijua nguo tatu kiasi cha kuweza kumweleza fundi cherehani zilivyoshonwa. Tatu tu. Mimi nilijifunza kushona kabla sijalijua jina la mbunifu yeyote, kwa hiyo nitakuvuta zaidi upande wa sindano kuliko upande wa umaarufu. Kama unachotafuta ni mastaa waliovaa nini, hatua ya 5 itakuchosha, iruke.

Hatua ya 1: Jua nani ameyaandaa

Maonyesho ya mbunifu mmoja huja kwa sura tatu. Kuna ya muda, yanayofanyika ndani ya makumbusho makubwa kama Metropolitan Museum of Art ya New York au Victoria and Albert Museum ya London (wengi huziita Met na V&A). Haya hukaa miezi michache kisha hufungwa. Kuna makumbusho ya kudumu ya mbunifu mwenyewe: ya Cristóbal Balenciaga yako Getaria, mji wa Hispania alikozaliwa, na yalifunguliwa 2011, Yves Saint Laurent ana mawili, Paris na Marrakech, yote ya 2017, Christian Dior ana nyumba aliyokulia huko Granville, Ufaransa. Halafu kuna yanayoendeshwa na kampuni yenyewe ya mitindo, kama La Galerie Dior ya Paris.

Tofauti hii ina uzito. Kampuni inayojionyesha yenyewe haitakutolea kabatini mkusanyiko wa nguo uliozomewa. Hata makumbusho huru hayako salama kabisa: mwaka 1983 Met walipomwandalia Saint Laurent maonyesho yake peke yake, akiwa hai na maduka yake yakiwa wazi, wakosoaji walisema makumbusho yamegeuzwa kuwa tangazo la biashara. Ikachukua hadi 2017 ndipo Met wakarudia jambo hilo kwa mbunifu mwingine aliye hai, Rei Kawakubo wa Comme des Garçons. Kwa hiyo ukifika, tafuta ukuta wenye majina ya wadhamini, mara nyingi uko karibu na mlango kwa herufi ndogo. Kulipiwa na kampuni si dhambi. Ila ukijua nani kalipa, utajua pia ni maswali gani hayatajibiwa humo ndani.

Hatua ya 2: Kata tiketi mapema

Nguo haivumilii mwanga. Rangi ya kitambaa ikishapauka hairudi, na madhara hujumlishwa: kila saa chini ya taa huongezwa juu ya saa zote zilizotangulia, tangu siku nguo iliposhonwa. Ndiyo maana kumbi za mavazi huwekwa kwenye mwanga hafifu wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), na ndiyo maana gauni likishamaliza miezi yake ya kuonyeshwa hurudishwa gizani kwa muda mrefu, pengine miaka. Ukisema "nitaenda mwakani" unaweza kukuta sanamu za kuvalishia nguo zimevuliwa na masanduku yamefungwa.

Wiki za mwisho ndizo mbaya kuliko zote. Maonyesho ya Alexander McQueen, *Savage Beauty*, yaliyofanyika Met mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo chake, yalipata wageni 661,509, na siku mbili za mwisho makumbusho yaliachwa wazi hadi saa sita usiku. Yalipohamia London mwaka 2015, V&A ilibidi wafungue usiku kucha kwenye wikiendi mbili za mwisho. Kutazama ushonaji saa tisa usiku huku umebanwa na mabega ya watu ni sifa ya kusimulia, lakini nguo huzioni.

Nunua kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, si kwa walanguzi wanaojitokeza juu kabisa ya matokeo ya utafutaji. Angalia kama tiketi ya kuingilia makumbusho inajumuisha maonyesho haya au yana tiketi yake, maana mara nyingi yana yake, tena yenye saa maalumu ya kuingia. Chagua saa ya kwanza ya asubuhi katikati ya wiki, au ile siku moja ya wiki ambayo makumbusho mengi huchelewa kufunga, hadi usiku. Na angalia siku yao ya mapumziko. Niliwahi kusafiri saa nne kwa basi nikakuta lango lina komeo, na tovuti ilikuwa imesema tangu mwanzo. Sikuwa na wa kumlaumu.

Jipe saa mbili. Kama unachora, tatu.

Hatua ya 3: Jiandae kwa shati lako mwenyewe

Siku moja kabla, chukua shati lako la kawaida, ligeuze ndani nje, litandaze mezani karibu na dirisha. Angalia mshono wa ubavuni. Je, kingo zimefungwa kwa ovaloki, zile nyuzi zinazojizungusha, au zimekunjwa zikafichwa? Angalia tundu la kifungo, uhesabu ni mishono mingapi imezunguka kona yake. Kisha shika kitambaa kwa vidole viwili ukivute kwa urefu, halafu kwa upana. Kitakaza, kwa sababu unavuta nyuzi zenyewe, za urefu (mtande) au za upana (mshindio). Sasa kivute kwa kona, mshazari. Kitalegea na kunyumbuka kama kina mpira.

Huo mnyumbuko ndio uliomjengea jina Madeleine Vionnet wa Paris. Miaka ya 1920 na 1930 alikata magauni mshazari yakateleza juu ya mwili na kuushika bila kuubana. Alikuwa anajaribia kwanza kwenye mwanasesere mdogo wa mbao, akimzungushia kitambaa, ndipo akikate kwa kipimo cha mtu mzima. Ukishauhisi mshazari kwenye shati lako, gauni la Vionnet nyuma ya kioo utalitambua bila kusoma kibao.

Baada ya hapo soma kuhusu mbunifu unayekwenda kumwona. Saa moja inatosha. Tafuta mambo mawili tu: alijifunzia wapi kushona, na watu walikuwa wanavaa nini kabla yake. McQueen alianza akiwa kijana wa miaka 16 kama mwanagenzi kwa washona suti wa mtaa wa Savile Row, London, kwa hiyo kwake tazama mabega na kola. Balenciaga alikuwa mtoto wa mama mshonaji. Kawakubo hakusomea ubunifu wa mavazi kabisa, na hilo linaeleza kwa nini baadhi ya nguo zake zina mikono mahali ambapo hakuna mkono.

Jambo la pili, la kilichokuwa kinavaliwa kabla, ndilo husahaulika. Suti ya Dior iitwayo Bar, ya Februari 1947, koti la rangi ya maziwa lililobanwa kiunoni na sketi nyeusi pana ya marinda, ukiiona leo ni suti ya bibi. Lakini Ulaya ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Uingereza nguo zilikuwa bado za mgao, na mgao huo haukuisha hadi 1949. Mtu anapotokea na sketi inayomeza mita baada ya mita za sufu wakati wenzake wanahesabu kuponi, unaelewa kwa nini kuna walioshangilia na kuna waliokasirika.

Hatua ya 4: Cha kubeba

Begi dogo. Mabegi makubwa na miavuli huachwa chumba cha mizigo, na foleni ya chumba hicho hula dakika zako. Sweta, hata kama nje jua linawaka, kwa kuwa ukumbi hupozwa kwa ajili ya nguo, si kwa ajili yako. Viatu vya kusimamia. Daftari na penseli. Kalamu ya wino makumbusho mengi hayairuhusu karibu na vitambaa, na wana haki.

Kitu kimoja ambacho watu hawakifikirii ni darubini ndogo, ile ya kutazamia ndege, inayoweza kulenga kitu cha karibu. Nguo nyingi huwekwa juu ya jukwaa, mita mbili au tatu kutoka kwako, na tarizi ya mbali huonekana kama ukungu unaong'aa. Ukiwa na darubini unaona shanga mojamoja na uzi ulioishika. Watu watakuangalia kwa mshangao. Baada ya dakika kumi mmoja wao atakuomba umwazime.

Hatua ya 5: Zunguka kwanza, kisha simama mbele ya nguo tatu

Chumba cha kwanza ndicho chenye msongamano, kwa sababu kila mtu anausoma ubao wa utangulizi kana kwamba kuna mtihani. Upite. Tembea ukumbi wote hadi mwisho bila kusimama, dakika kumi na tano hivi. Macho nayo yatakuwa yanazoea giza. Ukifika mwisho rudi nyuma, na uchague tatu: moja uliyoipenda, moja uliyoichukia, na moja ambayo hukuelewa mtu huivaaje.

Simama mbele ya ya kwanza, hatua tano nyuma. Finya macho hadi rangi na nakshi zipotee, ibaki kivuli tu. Je, uzito uko juu au chini? Kiuno kiko mahali pa kiuno, au kimepanda, kimeshuka, hakipo? Wabunifu wakubwa wengi unaweza kuwatambua kwa kivuli peke yake.

Sogea karibu, uanze begani. Bega ndilo linalobeba nguo nzima, na fundi mzembe hukamatwa hapo. Tazama mkono ulivyounganishwa: kuna mkunjo juu ya mshono? Kuna sponji ndani? Kisha uteremke kifuani na kiunoni ukitafuta mahali ambapo kitambaa bapa kimegeuzwa kuwa umbo la mwili. Lazima pawe mahali. Kitambaa ni bapa, mtu si bapa, na tofauti hiyo mbunifu ameificha sehemu fulani.

Mfano mzuri ni gauni la Saint Laurent la 1965 linalofuata michoro ya mchoraji Mondrian, lile jeupe lenye mistari mizito meusi na pande nyekundu, buluu na njano. Picha zake ziko kila mahali, na kwenye picha linaonekana kama limepakwa rangi au kuchapishwa. Halikuchapishwa. Kila pande ni kipande chake cha jezi ya sufu (kitambaa laini cha kufumwa), na mistari meusi nayo ni vipande vya kitambaa vilivyoshonewa katikati yao. Gauni limening'inia wima kama mfuko, huoni mkunjo wowote wa kubana kifua, na bado linakaa juu ya mwili bila kupwaya. Umbo lote limefichwa ndani ya mistari meusi: mshono ukipita kifuani umepindishwa kidogo sana, hapa milimita kadhaa, pale milimita kadhaa, na jicho linaona mraba. Mimi nililitazama nusu saa nzima. Nilipolifikia pindo ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimezuia kijia, na mama mmoja mwenye kigari cha mtoto alikuwa amesimama nyuma yangu kimya.

Balenciaga anakwenda njia nyingine: anapunguza mishono. Mwaka 1961 alitengeneza koti lenye mshono mmoja. Ukikutana na koti la aina hiyo, lizunguke ukijaribu kuuona mshono ulipo, na uwaze kipande hicho kilionekanaje kikiwa mezani kabla hakijakunjwa. Magauni yake ya baadaye husimama mbali na mwili kama yamejengwa kwa kadi. Hilo ni la kitambaa chenyewe, hariri nzito iitwayo gazar, iliyobuniwa 1958 na Gustav Zumsteg wa kampuni ya Abraham ya Uswisi kwa ajili yake. Maonyesho yake ya V&A ya 2017 yalikuwa na picha za eksirei za nguo, kazi ya Nick Veasey, na humo ilionekana vizuri kilichojificha: vizito vidogo ndani ya pindo, na mifupa ya koseti chini ya gauni linalodhaniwa ni jepesi. Huna eksirei? Tazama pindo. Pindo likianguka wima kabisa wakati kitambaa ni chepesi, jiulize ndani kuna nini. Majaketi ya Chanel yana mnyororo mwembamba wa chuma ulioshonewa ndani ya pindo kwa kazi hiyohiyo ya kulifanya koti litulie.

Zunguka nyuma. Daima zunguka nyuma. Mgongoni ndiko kuliko na zipu, vikulabu, vifungo vidogo thelathini, yaani ndiko unakojua kama mwenye nguo angeweza kuivaa peke yake au alihitaji mtu wa kumfunga. Waandaaji wazuri huweka kioo nyuma ya sanamu. Wasipoweka, chuchumaa pembeni, utaona kidogo cha bitana kwenye mpasuo. Usiegemee kizuizi, kengele zake ni kali na aibu yake hudumu.

Kwa ile nguo usiyoielewa, njia ni kutafuta tundu. Shingo inaingilia wapi? Mkono? Mara ukiyapata matundu matatu, yaliyobaki hufunguka yenyewe. Nguo za Issey Miyake za marinda, zile za Pleats Please zilizoanza kuuzwa 1993, huwachanganya wengi kwa sababu watu hudhani kitambaa kilitiwa marinda kwanza kisha kikashonwa. Ni kinyume: nguo hukatwa na kushonwa kwanza, kubwa mara mbili au tatu ya kipimo, kisha hulazwa kati ya karatasi na kubanwa kwenye mashine ya joto mpaka inywee ikiwa na marinda yake. Ukilijua hilo, tazama mishono kwenye nguo hiyo. Nayo ina marinda.

Nguo uliyoichukia ipe dakika kumi zile zile. Sikuambii utaipenda.

Na usiisahau sanamu yenyewe. Nguo ya makumbusho haivaliwi na mtu tena, wala haipunguzwi ili iingie kwenye sanamu. Sanamu ndiyo hupunguzwa au kuongezwa pamba na povu mpaka ifanane na mwili wa aliyevaa zamani, na kumvalisha sanamu gauni moja kunaweza kula saa nyingi za watu wawili wenye glovu. Mwaka 2022, gauni la Marilyn Monroe la 1962 lilipovaliwa tena kwenye Met Gala, sherehe ya kila mwaka ya makumbusho ya Met, wahifadhi wa mavazi walipiga kelele kwa sababu hiyo hiyo: jasho, mvuto wa mshono, hewa, vyote ni sumu kwa nguo kuukuu. Kwa hiyo ukiona sanamu yenye kiuno chembamba ajabu na bega moja lililoshuka kuliko jingine, unaangalia kivuli cha mtu fulani aliyeishi. Tafuta na alama zake: kwapa lililobadilika rangi, mshono uliofunguliwa na kurudishwa sentimita mbili nje, kifungo kisichofanana na wenzake.

Kinachokosekana ni mwendo. Nguo iliyosimama imekufa kidogo. Kama kuna skrini inayoonyesha maonyesho ya jukwaani, simama hapo hadi uone nguo yako ikitembea. Kuna gauni jeupe la McQueen la mkusanyiko wa majira ya joto ya 1999 lililopuliziwa rangi na roboti mbili huku mwanamitindo akizungushwa juu ya jukwaa. Kwenye sanamu ni gauni lenye madoa meusi na ya njano. Kwenye video utamwona mwanamke akiinua mikono kujikinga, na baada ya hapo madoa hayo hutayaona tena kama nakshi.

Hatua ya 6: Kibao kisome mwisho

Ukikisoma kwanza, utaona kilichoandikwa humo tu. Ukishamaliza kutazama, kisome hivi.

Mwaka na majira: mkusanyiko wa "majira ya kuchipua na joto 1999" ulionyeshwa jukwaani Septemba 1998, kwa kuwa nguo huonyeshwa miezi kadhaa kabla ya kuuzwa. Malighafi: hapa unasahihisha ulichokisia, na utashangaa ni mara ngapi hariri ilikuwa poliesta. Aliyeitoa: mara nyingi ni mteja wa zamani au familia yake, na jina hilo linakwambia ni nani alimudu. Mwisho kuna namba ya usajili, ambayo kwenye makumbusho mengi hubeba mwaka nguo ilipopokelewa. Inakili. Utaihitaji nyumbani.

Kisha tafuta kisichoandikwa. Kibao husema "Yves Saint Laurent, 1988" kwa koti lenye maua ya mchoraji Van Gogh, lakini tarizi ile ni ya karakana ya Lesage ya Paris, mamia ya saa za mikono ya watu ambao mara nyingi hawatajwi. Mavazi ya haute couture, yaani yanayoshonwa kwa vipimo vya mteja mmoja, hupita mikononi mwa wengi: mkataji, washonaji, watarizi, watengeneza manyoya. Maonyesho yanayowataja nayapa alama ya juu hata kama taa zake ni mbovu.

Vilevile uwe na shaka na neno moja linalobeba bara zima. Saint Laurent alikuwa na mkusanyiko wa 1967 wa rafia na shanga za mbao uliobandikwa jina la Afrika, na vibao vingi huishia hapo hapo. Linganisha na *Africa Fashion*, maonyesho yaliyofunguliwa V&A mwaka 2022, yaliyowataja wabunifu kwa majina na nchi zao: Shade Thomas-Fahm wa Nigeria, Kofi Ansah wa Ghana, Chris Seydou wa Mali. Seydou alichukua bogolan, kitambaa cha pamba cha Mali kinachotiwa rangi kwa tope, akakikata kuwa majaketi na sketi fupi za kushonwa kwa vipimo. Fundi yeyote atakwambia ugumu wake ulipo: ukikata kitambaa chenye michoro mikubwa, michoro lazima ikutane mshononi. Ukiiona kazi yake, nenda moja kwa moja kwenye mshono uone kama imekutana.

Hatua ya 7: Picha na michoro

Uliza mlangoni kama picha zinaruhusiwa. Flashi hairuhusiwi karibu kila mahali, na nguo za kuazimwa mara nyingine haziruhusiwi kupigwa kabisa. Piga kibao kwanza, kisha nguo, ili baadaye usijiulize ni ipi. Picha tano za nguo moja, bega, kiuno, mgongo, pindo, nguo nzima, zinazidi picha hamsini za nguo hamsini.

Lakini chora. Hujui kuchora? Afadhali. Chora mistari ya mishono tu, kama ramani, dakika tatu. Mkono ukifika mahali ambapo hujui mstari unaelekea wapi, ndipo utagundua hukutazama, utainua kichwa na kutazama upya. Kamera haikufanyii hivyo.

Usiguse, hata kama hakuna kioo. Mafuta na chumvi ya vidole hubaki kwenye uzi.

Ukiwa na watoto, mpe kila mmoja kazi moja: ahesabu vifungo, au atafute nguo asiyoweza kukaa nayo kitini. Saa moja, kisha toka nao. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu apige simu kabla: makumbusho mengi hutoa viti, na mengine yana saa tulivu zenye watu wachache, ingawa hawalitangazi sana.

Hatua ya 8: Ukishatoka

Duka limewekwa mlangoni kwa makusudi. Katalogi ifungue kabla ya kununua: kama haina picha hata moja ya ndani ya nguo, ya bitana au ya mshono, umeshika albamu ya picha za majarida kwa bei ya kitabu. Iache.

Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika sentensi tatu kwa kila nguo. Kisha ingia kwenye tovuti ya makumbusho uingize ile namba ya usajili. Met na V&A wote wameweka mikusanyo yao mtandaoni bila malipo, na nguo nyingi zina picha za karibu kuliko ulivyoruhusiwa kusogea ukumbini. Ndipo utakapojua kama ulichokidhania mshono kilikuwa mshono.

Na kama moja ya zile tatu ni ya V&A na inakusumbua bado, ipo njia ya kuirudia. Ghala lao la mashariki mwa London, V&A East Storehouse, lilifunguliwa 2025, na mtu yeyote, awe mwanafunzi, fundi au mpita njia, anaweza kuomba kupitia tovuti atolewe vitu hadi 5 avione kwa miadi, bila kulipa. Ukipewa miadi yako, nguo italazwa mezani mbele yako, na mhudumu atakuuliza ungependa kuona nini. Mwombe akuonyeshe upande wa ndani, aanzie kwapani hadi pindoni.